Kutoka Vibraniamu hadi Koltani: Jinsi Mpango wa Tamthilia ya Kisayansi Unavyogeuka

Tamthilia tanzu ni tamthilia ya televisheni inayozaliwa na kazi nyingine iliyokwisha kupendwa, ikachukua mhusika, nchi au tukio moja kutoka kazi mama na kulipa maisha yake yenyewe. Katika bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi zinazowaza maisha ya binadamu chini ya sayansi na teknolojia ambazo bado hazijakuwapo, tamthilia za namna hii ni nyingi, kwa kuwa ulimwengu uliobuniwa kwa gharama kubwa, wenye ramani, historia na sheria zake, haumalizwi na hadithi moja. Hata hivyo, kati ya siku ambayo mpango unatangazwa na siku ambayo watazamaji wanaona sehemu ya kwanza, miaka hupita na mpango hugeuka. Kwa wakazi wa Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, mfano unaowagusa zaidi ni ule wa Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni ambayo utajiri wake wote unatoka katika madini.

Wakanda ilionekana mara ya kwanza Julai 1966 katika toleo la 52 la vitabu vya picha vya Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby wa kampuni ya Marvel ya Marekani. Waliibuni kama taifa ambalo halikuwahi kutawaliwa na wageni, lililojenga teknolojia ya hali ya juu kwa vibraniamu, metali ya kubuni isiyopatikana kwa wingi kama huo mahali pengine duniani. Katika miaka ya 1990 mwigizaji Wesley Snipes alihangaika kuitengenezea filamu, lakini mpango wake haukufika mwisho, na ilibidi kusubiri hadi Februari 2018 ndipo filamu ya Wakanda, Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilipotoka na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyofungua mlango wa televisheni. Februari 2021 kampuni ya Disney, mmiliki wa Marvel, ilitangaza makubaliano ya miaka mitano na kampuni ya Coogler, Proximity Media, na miongoni mwa yaliyoahidiwa ilikuwamo tamthilia kuhusu ufalme wa Wakanda kwa ajili ya Disney+, huduma yake ya kutazama filamu kupitia intaneti. Tangazo hilo lilitoka miezi michache tu baada ya kifo cha Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa na kufariki tarehe 28 Agosti 2020, msiba uliowalazimu waandishi kuiwaza Wakanda bila mfalme wake na kuzaa filamu ya Wakanda Forever ya Novemba 2022. Kazi ya televisheni yenye jina la Wakanda ilipowafikia watazamaji hatimaye, tarehe 1 Agosti 2025, ilikuwa katuni ya sehemu nne iitwayo Eyes of Wakanda, iliyobuniwa na Todd Harris. Badala ya kuendeleza habari za watu wa leo, katuni hiyo ilirudi nyuma katika historia, ikapita katika vita vya Troya na China ya kale, na kuishia Ethiopia mwaka 1896, mwaka ambao Waethiopia waliwashinda Waitalia huko Adwa.

Mageuzi ya aina hii yana sababu zinazojirudia. Fedha huamua kama mji wa kubuni utajengwa kwa mbao na vyuma au utachorwa, kifo au kuondoka kwa mwigizaji humwondoa mhusika ambaye kila kitu kilimtegemea, na migogoro ya kazi, kama migomo ya waandishi na waigizaji wa Hollywood ya mwaka 2023, husimamisha shughuli kwa miezi mingi. Biashara nayo hubadili umbo la kazi: mwaka 1977 kampuni ya Paramount iliandaa tamthilia mpya ya kuendeleza ile ya zamani ya Star Trek, ikaajiri waandishi na kuanza kujenga majukwaa, kisha ikaiacha, na hadithi iliyokusudiwa kuwa sehemu ya kwanza ikageuzwa kuwa filamu ya sinema ya mwaka 1979, huku miswada mingine miwili ikikaa kabatini hadi ilipotumiwa katika The Next Generation, tamthilia iliyoanza mwaka 1987. Jambo la kuzingatia katika historia hiyo ni kwamba umbo la mpango hubadilika kwa urahisi, ilhali wazo la msingi hudumu na kutafuta mwili mwingine.

Wazo la msingi la Wakanda ni swali moja: nchi ya Kiafrika ingekuwaje kama yenyewe ndiyo ingeamua hatima ya madini yake? Katika wilaya ya Masisi swali hilo linaulizwa katika maisha ya kila siku, kwa sababu machimbo ya Rubaya yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani yote ya dunia, madini ambayo ndani yake hupatikana tantalamu, metali inayotumika kutengeneza kapasita, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme ndani ya simu na kompyuta. Wachimbaji wa Rubaya huchimba kwa sururu na koleo, na tangu mwishoni mwa Aprili 2024 eneo hilo limekuwa mikononi mwa waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanatoza kodi biashara hiyo. Katika wilaya ya Walikale, mgodi wa Bisie hutoa bati, metali inayotumika katika lehemu ya kuunganishia vifaa vya elektroniki, na kampuni ya Alphamin, inayoendesha uzalishaji wa kisasa huko tangu 2019, ililazimika kusimamisha kazi Machi 2025 vita vilipousogelea mji wa Walikale, kabla ya kuirejesha hatua kwa hatua kuanzia mwezi uliofuata. Kwa hiyo simu ambayo mtu wa Nairobi au London anaitumia kutazama Wakanda huenda imebeba chembe za udongo wa wilaya hizi mbili.

Filamu zimewahi kugusa ukweli huo. Mwaka 2010 Mdenmark Frank Piasecki Poulsen alionyesha machimbo ya Bisie katika filamu ya hali halisi Blood in the Mobile, na Julai 2021 Neptune Frost, iliyoongozwa na Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes ikiwa na mchimbaji wa koltani kama mmoja wa wahusika wake wakuu. Neptune Frost pia ni ushahidi wa mpango unaogeuka, kwani iliwazwa kwanza kama kitabu cha picha na mchezo wa muziki wa jukwaani, na ingawa hadithi yake ni ya Burundi ilipigwa picha Rwanda, wahusika wakizungumza Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza.

Vijana wa Masisi na Walikale wenye hadithi vichwani wana la kujifunza hapa, nalo ni kwamba mpango kubadilika si dalili ya kushindwa. Bajeti kubwa hubadilika, waigizaji hubadilika, hata chombo cha kuonyeshea hubadilika, na mwandishi anayeanza kwa kitabu cha picha au filamu fupi ya simu anapita njia ileile waliyoipita wakubwa. La hatari ni pale maamuzi ya kubadilisha yanapofanywa daima mbali na watu ambao hadithi inawahusu, maana hapo wazo la msingi hubaki bila wa kulitetea. Ikiwa dunia itaendelea kuwaza Afrika yenye madini na teknolojia, haki inadai kwamba waandishi wa Kivu wawepo mezani tangu mswada wa kwanza, wakiwa na mamlaka ya kusema nini kibadilishwe na nini kisiguswe.