Mguu kifundo: Kwa nini kisu si tiba ya kwanza

MTOTO anapozaliwa, macho ya mama na mkunga hukimbilia mikono na miguu. Vidole huhesabiwa, na vikitimia, watu hushusha pumzi.

Lakini kwa mtoto mmoja katika takriban kila 1,000 wanaozaliwa, furaha hiyo huingiwa na wasiwasi. Unyayo wa mtoto huwa umepinda kuelekea ndani, kisigino kimevutwa juu, na wayo unatazama upande badala ya kutazama chini. Kwa karibu nusu ya watoto hao, miguu yote miwili huwa hivyo. Wavulana huathiriwa takriban mara mbili zaidi ya wasichana.

Hali hii huitwa mguu kifundo. Kuna wazazi wanaoiona kuwa laana au mkono wa jirani mwenye kijicho, wakamficha mtoto. Kuna wengine wanaoamini kwamba tiba yake ni upasuaji mkubwa tu, na kwa kuwa hawana pesa za upasuaji huo, wanasubiri. Makundi yote mawili hukosea, na anayelipia kosa hilo ni mtoto.

Ukweli ni kwamba mguu kifundo ni mojawapo ya kasoro za kuzaliwa zinazotibika vyema zaidi. Isitoshe, matokeo mazuri kabisa hayatoki katika chumba cha upasuaji. Hutokana na mikono ya mhudumu mwenye ujuzi, plasta na subira ya mzazi.

Ili kuelewa sababu, ni muhimu kwanza kufahamu kilichoharibika. Mifupa ya unyayo wa mtoto mchanga haijakomaa. Sehemu yake kubwa ingali gegedu laini. Katika mguu kifundo, kano na ligamenti za upande wa ndani na wa nyuma huwa fupi na ngumu kupita kiasi. Hizo ndizo huvuta mifupa ikaacha mahali pake. Hakuna kilichovunjika wala kilichokatika.

Chanzo chake hakijafahamika kikamilifu. Urithi una mchango, kwani kasoro hii huonekana zaidi katika baadhi ya familia, na uvutaji sigara wakati wa uja uzito huongeza hatari. Hata hivyo, mama hasababishi mguu kifundo kwa kulala vibaya, kubeba mzigo au kumcheka mlemavu, kama baadhi ya watu wanavyodai.

Juhudi za kuutibu ni za kale. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishauri mguu unyooshwe polepole na kufungwa kwa vitambaa mapema iwezekanavyo. Katika karne ya 19, madaktari wa Ulaya walikuwa wakikata kano ya kisigino. Kadiri dawa za usingizi na usafi wa vyumba vya upasuaji vilivyoimarika, ndivyo visu vilivyozidi kuingia ndani ya mguu.

Kufikia miaka ya 1970 na 1980, upasuaji mkubwa ulikuwa umeenea kote. Mpasuaji alifungua mguu wa mtoto kuanzia upande wa ndani hadi nyuma ya kisigino, akakata au kurefusha kano, akafungua vifuko vya viungo na kuipanga mifupa upya. Mtoto alipotoka hospitalini, mguu ulikuwa umenyooka. Wazazi walishukuru na daktari aliridhika.

Shida ni kwamba mguu haupimwi kwa jinsi unavyoonekana siku ya kufunguliwa bendeji. Hupimwa kwa jinsi unavyombeba mwenyewe akiwa na umri wa miaka 30 au 40, anapopanda matatu, anapolima au anaposimama dukani kutwa nzima.

Majibu ya swali hilo yalipopatikana, hayakufurahisha. Mnamo 2006, madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu 45 waliofanyiwa upasuaji huo wakiwa watoto, na ambao walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 30. Wengi walikuwa na nyayo ngumu zisizokunjika vizuri, misuli dhaifu na viungo vilivyochakaa kabla ya wakati. Wengine walikuwa wamerudishwa katika chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja. Uchunguzi huo ulibaini pia kwamba kadiri upasuaji ulivyokuwa mpana, ndivyo ulemavu ulivyozidi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kila mahali panapopita kisu hubaki kovu. Kovu halinyumbuki kama ligamenti ya asili, na mtoto anapokua, lenyewe halikui sawasawa naye. Kiungo kilichofunguliwa na kuzungukwa na makovu hukakamaa, na kiungo kilichokakamaa huchakaa upesi.

Daktari mmoja alikuwa ameyaona haya mapema. Ignacio Ponseti alizaliwa mwaka wa 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania. Aliwahudumia majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, akakimbilia Ufaransa na kisha Mexico, na mwaka wa 1941 akafika katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Huko aliwachunguza watu waliokuwa wamepasuliwa miguu utotoni, akakuta nyayo ngumu na zenye maumivu. Alijiuliza kama hakukuwa na njia nyingine.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, aliunda njia ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mhudumu huushika mguu wa mtoto kwa upole na kuunyoosha kidogo, bila kumuumiza. Kisha huufunga plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Baada ya wiki moja plasta hutolewa, mguu hunyooshwa tena kidogo, na plasta mpya hufungwa. Watoto wengi huhitaji plasta tano hadi saba.

Plasta ikiishia chini ya goti huponyoka, na mguu ukaanza kuzunguka ndani yake. Vilevile, mpangilio wa kunyoosha una kanuni zake: upinde wa wayo hushughulikiwa kwanza, halafu sehemu ya mbele ya unyayo na kisigino hugeuzwa kwa pamoja kuelekea nje, na mwisho kabisa ndipo kisigino hushushwa. Anayeanza kwa kukisukuma kisigino chini huweza kuuvunja wayo katikati, akaongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Hapo ndipo kisu huingia, lakini ni kisu kidogo mno. Kwa watoto wengi, kano ya kisigino huwa bado fupi hata baada ya plasta. Daktari humpa mtoto dawa ya ganzi na kuikata kano hiyo kupitia tundu dogo ambalo kwa kawaida halihitaji hata kushonwa. Plasta ya mwisho hukaa wiki tatu, na katika muda huo kano huota na kuungana ikiwa ndefu zaidi.

Na matokeo yake je? Mnamo 1995, madaktari wawili wa Iowa walichapisha uchunguzi wa watu 45 waliotibiwa kwa njia hiyo, ambao wakati huo walikuwa na umri wa wastani wa miaka 34. Asilimia 78 yao walikuwa na miguu inayofanya kazi vizuri au vizuri sana. Katika kundi la watu waliozaliwa na miguu ya kawaida, waliopimwa kwa vigezo vivyo hivyo, kiwango kilikuwa asilimia 85. Kwa maneno mengine, tofauti kati ya aliyezaliwa na mguu kifundo na ambaye hakuzaliwa nao ilikuwa ndogo.

Uchunguzi mwingine kutoka Iowa, uliochapishwa mwaka wa 2004, ulihusu watoto 157. Mguu ulinyooka kwa asilimia 98 yao, na wanne tu ndio waliohitaji upasuaji mkubwa.

Takwimu hizi ndizo zilizobadilisha msimamo wa madaktari, ingawa kwa kuchelewa. Kwa miongo kadhaa, wengi walimpuuza Ponseti. Aliandika kitabu mwaka wa 1996 akiwa na zaidi ya miaka 80, na wazazi wakaanza kupashana habari kupitia mtandao wa intaneti na kuwadai madaktari wao njia hiyo. Nchini Marekani, zaidi ya asilimia 70 ya watoto wenye mguu kifundo walifanyiwa upasuaji mwaka wa 1996. Miaka kumi baadaye, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi zaidi kidogo ya asilimia 10. Ponseti aliaga dunia mwaka wa 2009, na siku yake ya kuzaliwa, Juni 3, huadhimishwa kama Siku ya Mguu Kifundo Duniani.

Kwa mataifa yetu, njia hii ina faida nyingine kubwa. Haihitaji chumba cha upasuaji wala daktari bingwa kwa kila hatua. Malawi na Uganda zilionyesha kwamba maafisa wa kliniki na wahudumu wengine wakipewa mafunzo wanaweza kuitekeleza vyema katika hospitali za wilaya. Hapa Kenya, hospitali ya watoto ya AIC CURE mjini Kijabe, iliyofunguliwa mwaka wa 1998, ni miongoni mwa zile zilizowatibu watoto wengi wenye kasoro hii, na kliniki za plasta zilianzishwa katika hospitali kadhaa nchini.

Lakini kuna hatua moja ambayo hakuna daktari anayeweza kuitekeleza kwa niaba ya mzazi. Baada ya plasta ya mwisho, mtoto huvishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Kwa miezi mitatu ya kwanza huvivaa kwa saa 23 kila siku. Baadaye huvivaa usiku na wakati wa kulala mchana hadi afikishe umri wa miaka minne au mitano.

Hapa ndipo wengi hushindwa. Mguu umeshanyooka, mtoto analia usiku, nyanya anauliza kwa nini mtoto anateswa, na nauli ya kurudi kliniki haipo. Viatu huwekwa kando. Baada ya miezi michache kisigino huanza kupanda tena.

Tofauti ni kubwa mno. Kwa mujibu wa takwimu zilizotolewa na kundi la Ponseti, kasoro hurejea kwa takriban asilimia 6 ya watoto ambao familia zao hufuata maagizo ya viatu, na kwa zaidi ya asilimia 80 ya wale ambao familia zao hazifuati. Hakuna plasta wala kisu kinachoweza kuziba pengo hilo.

Hii haina maana kwamba upasuaji hauna nafasi tena. Mtoto mwenye umri wa karibu miaka mitatu na zaidi, ambaye mguu wake unageuka ndani anapotembea, huenda akahitaji kano ya mbele ya muundi ihamishwe kuelekea upande wa nje wa unyayo. Upasuaji huu haufungui viungo, hivyo mguu hubaki ukinyumbuka. Watoto ambao mguu kifundo wao umeambatana na magonjwa mengine, kama vile kasoro ya uti wa mgongo, huwa na miguu migumu zaidi na huenda wakahitaji kisu.

Kwa kijana aliyefikia utu uzima bila matibabu, wakati mwingine njia iliyobaki ni kukata mifupa na kuiunganisha ili wayo ukanyage chini. Humwezesha kuvaa viatu na kutembea bila vidonda, lakini viungo vilivyounganishwa havikunjiki tena. Hata hivyo, mtoto aliyechelewa hadi akaanza kutembea bado anaweza kunyooshwa kwa plasta, ingawa atahitaji plasta nyingi zaidi. Mzazi asikate tamaa kwa sababu ya umri kabla ya mtoto kuchunguzwa.

Ni vyema pia mzazi aulize maswali. Je, plasta itafika pajani? Itabadilishwa kila wiki? Viatu vitapatikana wapi vya sasa vikiwa vidogo? Na iwapo daktari anapendekeza upasuaji mkubwa kwa mtoto mchanga ambaye hajawahi kufungwa plasta hata moja, mzazi ana haki ya kutafuta maoni ya mtaalamu mwingine.

Mia Hamm, aliyeishindia Marekani Kombe la Dunia la wanawake mara mbili, mwaka wa 1991 na 1999, alizaliwa na mguu kifundo na akafungwa plasta akiwa mdogo. Waliomtazama akifunga mabao hawakuweza kutambua ni mguu upi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mtoto mwenye mguu kifundo, ubichi huo huanza kupungua kuanzia wiki za kwanza za maisha yake. Mzazi anayemfunika mtoto kwa shuka ili majirani wasione miguu yake anapoteza siku ambazo mguu ungenyooka kwa urahisi zaidi.