Vilima vya Bohol na Kalamu ya Ofisi

Mwaka 1989 mbegu ya mwani iliyotoka Ufilipino ilianza kupandwa kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja, na tangu hapo maelfu ya wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji jirani wamekuwa wakiteremka baharini maji yanapokupwa kwenda kufunga vitawi vyake kwenye kamba. Kwa sababu hiyo peke yake jina la Ufilipino halistahili kuwa geni kwa mkazi wa visiwani. Lakini nchi ile ina visiwa zaidi ya 7,000, na kuizungumzia yote kwa pamoja ni sawa na kutosema lolote. Leo twapenda kuwachukua wasomaji wetu hadi katika mkoa mmoja tu, Bohol, kwa kuwa mambo yaliyotokea huko katika miaka ya karibuni yanamhusu kila mtu aishiye kisiwani, na zaidi kila mtumishi wa serikali mwenye mamlaka ya kutia saini.

Bohol ni kisiwa kikubwa chenye visiwa vidogo vingi pembeni yake, katikati ya nchi, mkabala na Cebu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,800 na ushei, yaani karibu mara tatu ya Unguja, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 1,394,329. Makao makuu yake ni Tagbilaran. Ni hapo jirani ambapo mwaka 1565 Datu Sikatuna na Mhispania Miguel López de Legazpi walikunywa damu zao wenyewe zilizochanganywa na mvinyo, jambo ambalo wazee wetu wangelitambua mara moja kuwa ni udugu wa kuchanjiana. Udugu huo haukuwazuia wenyeji kuchoka. Mwaka 1744 Francisco Dagohoy aliongoza uasi dhidi ya utawala wa Kihispania, naye akafa na kuuacha ukiendelea. Haukuzimwa hadi mwaka 1829, baada ya miaka 85.

Mwananchi wa kawaida wa Bohol ni mkulima au mvuvi. Hulima mpunga, hupanda minazi, na hujivunia viazi vikuu vyenye nyama ya rangi ya zambarau. Mjini Jagna wanawake hupika kwa tui la nazi, unga wa mchele unaonata na sukari guru utamu uitwao kalamay, wakaufungia ndani ya vifuu viwili vilivyobanwa pamoja. Mla halua wa kwetu hahitaji maelezo zaidi. Kaskazini, kwenye miamba ya matumbawe iitwayo Danajon, iliyojipanga safu mbili kama kuta mbili za boma, watu hulima mwani ule ule tuujuao, na huenda mashambani mwao kwa vyombo vyenye matengo pande mbili mfano wa ngalawa zetu. Na ni lazima tuongeze fedha zinazotumwa na vijana wao walio mabaharia na wafanyakazi katika nchi za mbali, kwani paa nyingi mpya za Bohol zimelipiwa na fedha hizo.

Tungependa kusimama kidogo kwenye chumvi. Katika wilaya ya Alburquerque makumbi ya nazi hulowekwa kwa miezi katika mashimo yanayoingiwa na maji ya bahari, kisha hukaushwa na kuchomwa hadi yawe majivu. Maji ya bahari huchujwa kupitia majivu hayo, na maji hayo makali huchemshwa katika vyungu vya udongo mpaka yagande yakawa jiwe moja. Chumvi huuzwa pamoja na chungu chake, kikiwa kimevunjika. Mwaka 1995 serikali ilipitisha sheria ya kutaka chumvi yote itiwe madini joto, kwa nia njema kabisa ya kuzuia ugonjwa wa rovu. Sheria hiyo haikumkumbuka fundi wa chungu, na kazi hiyo ikabaki mikononi mwa familia chache tu. Hakuna aliyewakusudia mabaya. Waliandika tu sheria moja kwa ajili ya viwanda na wachemshaji wa pwani kwa pamoja.

Sasa tuje kwa wageni. Mtalii haendi Bohol kwa ajili ya chumvi. Huenda kuogelea Panglao, kisiwa kilichounganishwa na Bohol kwa madaraja, ambako kiwanja kipya cha ndege cha kimataifa, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani, kilifunguliwa Novemba 2018. Huenda kumtazama tarsia, mnyama mdogo kama ngumi, mfano wa komba wetu, mwenye macho makubwa kupita ubongo wake. Huyu hulala mchana, na kwa miaka mingi alishikwashikwa na wageni waliotaka picha, hata serikali ikamtangaza mwaka 1997 kuwa mnyama wa kuhifadhiwa maalumu. Njiani mgeni hupita Bilar katikati ya msitu wa mikangazi iliyopandwa na watu, mahali penye kivuli kizuri mno. Ila miti hiyo si ya asili ya nchi ile, na wataalamu wamekwisha kueleza kwamba ndege wachache tu huishi ndani yake.

Lakini kilichoipa Bohol jina duniani ni vilima vyake. Vipo visivyopungua 1,260, vimeenea katika wilaya za Carmen, Batuan, Sagbayan na jirani zake, karibu vyote vikiwa na umbo moja la chungu kilichofudikizwa. Ni mawe ya chokaa, yaliyokuwa matumbawe chini ya bahari zamani sana, kisha ardhi ikainuka na mvua ikayachonga. Wakati wa kiangazi nyasi zake hukauka na kuwa hudhurungi, ndipo vikaitwa Vilima vya Chokoleti. Mwaka 1988 vilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na tangazo jingine la mwaka 1997 likavitia katika hifadhi.

Machi 2024 picha za hoteli moja ya mapumziko zilienea nchi nzima. Ilikuwa imejengwa Sagbayan, chini kabisa ya vilima, na bwawa lake la kuogelea liling'aa kati ya viwili vyao kama sahani ya kioo. Watu wakauliza imewezekanaje. Jibu lilikuwa la kiofisi tupu. Ardhi ilikuwa na hati ya mtu binafsi, kwani tangazo la 1997 halikuzifuta haki za wenye mashamba. Baraza la usimamizi wa hifadhi lilikuwa limeuunga mkono mradi huo. Cheti cha mazingira hakikuwapo. Septemba 2023 Wizara ya Mazingira ilitoa amri ya kuifunga hoteli kwa muda, na miezi sita baadaye wageni walikuwa bado wanaogelea.

Baraza la Seneti likafanya uchunguzi, na Mei 2024 ofisi inayochunguza mwenendo wa watumishi wa umma iliwasimamisha kazi kwa muda watumishi 69, gavana wa mkoa akiwamo. Yafaa ieleweke kwamba kusimamishwa huko si hukumu. Linalotushughulisha sisi ni ile idadi yenyewe. Watu 69, wa mkoa, wilaya, vijiji na idara, walihesabiwa kuwa huenda kila mmoja alikuwa na fursa ya kusema hapana, au ya kuuliza jirani yake amesema nini. Hoteli moja haikupita kwa mlango mmoja uliosahauliwa wazi. Ilipita kwa milango mingi, na katika kila mlango palikuwa na bawabu aliyedhani kwamba mwenzake wa mbele ndiye atakayezuia.

Visiwani pia pana somo lake. Pwani ya Panglao kuna fungu la mchanga liitwalo Virgin Island, ambako mnamo Agosti 2022 hesabu ya chakula cha kundi moja la wageni ilifikia peso 26,100, ikasambazwa kila mahali, na wakuu wakasimamisha biashara za hapo. Wachuuzi wadogo walifungiwa haraka mno. Tunaona ni haki kulinganisha mwendo huo na ule wa Sagbayan.

Wakati huo huo wapo wakazi ambao hakuna mtalii anayewapiga picha. Tarehe 15 Oktoba 2013 tetemeko la ardhi lenye nguvu ya 7.2 liliipiga Bohol, likaua watu zaidi ya 200 na kuyaangusha makanisa ya mawe ya Loon na Maribojoc yaliyojengwa zamani za Wahispania. Makanisa yaliombolezwa sana, na lile la Loon lilijengwa upya. Lakini katika wilaya ya Tubigon visiwa vidogo vinne, Batasan, Ubay, Pangapasan na Bilangbilangan, vilididimia kiasi cha mita moja hivi. Tangu siku hiyo bamvua huingia majumbani. Watu wameinua sakafu zao kwa mawe ya matumbawe, wengine wamejenga juu ya nguzo. Serikali ilitaka kuwahamishia kisiwa kikubwa, nao wengi wakakataa, kwa sababu samaki wako huku. Desemba 2021 tufani Rai ilipita juu yao na juu ya mkoa mzima, ikaua watu zaidi ya 100 Bohol peke yake, na wengi wa wakazi wa visiwa hivyo hawakuhama hata baada ya hapo.

Mei 2023 UNESCO iliiandika Bohol katika orodha ya hifadhi za kijiolojia za dunia, ya kwanza nchini Ufilipino. Heshima hiyo hutolewa kwa miaka minne, kisha hukaguliwa upya. Wakaguzi watakapofika watapita Sagbayan, bila shaka. Tubigon si mbali kutoka hapo, na gavana anaweza kuwapakia chomboni akawapeleka Batasan siku ya bamvua.