Tumaini la Kikristo na Wajibu wa Kutunza Mazingira: Funzo kutoka Misitu ya Makanisa ya Ethiopia

1.0 Utangulizi

Mwaka 1967, mwanahistoria Lynn White alidai kwamba mafundisho ya Ukristo wa Magharibi kuhusu mamlaka ya mwanadamu juu ya viumbe ni chimbuko mojawapo la uharibifu wa mazingira. Majibu mengi ya wanatheolojia yameegemea kitabu cha Mwanzo, yaani uumbaji na uwakili. Makala hii inatazama upande wa pili, yaani mafundisho kuhusu hatima ya ulimwengu. Hoja yake ni kwamba jinsi waumini wanavyoutazamia mwisho wa dunia huathiri jinsi wanavyoitunza leo.

2.0 Mikabala Miwili ya Hatima

Mkabala wa kwanza huisoma 2 Petro 3:10 kama habari ya kuteketezwa kwa dunia. Kwa mtazamo huo, ardhi ni kituo cha kupita tu, na mpangaji anayengoja kuhama haoni sababu ya kuziba paa linalovuja. Mkabala wa pili hujikita katika Warumi 8:19–22, ambapo viumbe vyote vinangoja ukombozi pamoja na wanadamu. Jürgen Moltmann aliliweka tumaini kuwa kiini cha theolojia mwaka 1964, na katika kitabu chake cha 1985 kuhusu uumbaji akaitazama dunia yote kama makao ya Mungu yajayo. Kwa mkabala huu, tumaini si kuamini kwamba mambo yatatengemaa yenyewe. Ni sababu ya kutenda hata pale ambapo matokeo hayajaonekana.

3.0 Misitu ya Makanisa

Katika nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, sehemu kubwa ya misitu ya asili imegeuzwa mashamba na malisho. Mabaki yake mengi, yenye mitarakwa na mizeituni pori, yamezunguka makanisa ya Waorthodoksi wa Tewahedo. Waumini huuona msitu huo kuwa mfano wa bustani ya Edeni na vazi la kanisa. Hivyo, kilichoulinda kwa karne nyingi ni utakatifu wa mahali, kabla ya kuwapo sera yoyote ya uhifadhi.

Hata hivyo, heshima pekee haikutosha. Mifugo iliingia na kula miche, na miti mikongwe ikakosa warithi. Watafiti Alemayehu Wassie na Margaret Lowman walishirikiana na mapadre na wanavijiji kujenga kuta za mawe kuizunguka baadhi ya misitu. Mawe yalitolewa mashambani, kwa hiyo mkulima naye alinufaika kwa kupata shamba lililo rahisi kulimwa.

4.0 Mjadala na Hitimisho

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwa watunga sera, taasisi ya dini ni mshirika mwenye mamlaka ya kimaadili, lakini mamlaka hayo huzaa matunda yanapoambatana na maarifa ya kisayansi na masilahi ya mkulima. Kwa makanisa, swali ni zito zaidi. Ukuta huokoa msitu uliomo ndani, ilhali mmomonyoko wa udongo unaendelea nje. Ikiwa viumbe vyote vinangoja ukombozi, basi utakatifu hauwezi kukomea kwenye ua wa kanisa. Wajibu wa Mkristo unaanzia hapo na kuenea hadi kwenye bonde, chanzo cha maji na shamba la jirani.