Picha Iliyosafiri kwa Namba

Sogeeni, wapwa zangu, sogeeni. Leo nawasimulia habari za picha iliyozaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilizaliwa mbali angani. Mara ya pili ilizaliwa ubaoni, kwa mkono wa mtu mwenye chaki za rangi.

Tarehe 28 Novemba 1964, Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Mariner 4. Safari yake ilikuwa ya kwenda sayari ya Mirihi. Kikaenda, kikaenda, kikaenda. Miezi saba ikapita, na katikati ya Julai 1965 kikaipita Mirihi kwa umbali usiofika kilomita 10,000. Hapo kikafungua jicho lake, yaani kamera, kikapiga picha. Kisha kikasema:

“Watu wa Dunia, picha yangu haina rangi. Ina mwanga na giza tu. Nimeigawa safu 200, na kila safu ina nukta 200. Kila nukta nimeipa namba, kuanzia 0 hadi 63, kueleza mwanga wake ulivyo. Namba hizo nimeziweka kwenye utepe wangu, nami nitawatumia polepole. Namba moja, nukta moja. Namba moja, nukta moja.”

“Mjomba, nukta zote zilikuwa ngapi?”

Umeuliza vizuri! Zidisha 200 kwa 200. Unapata nukta 40,000. Kwa hiyo chombo kilipaswa kutuma namba 40,000 kwa picha moja tu.

“Zilichukua muda gani kufika?”

Njia ilikuwa ndefu, zaidi ya kilomita milioni 200, na redio ya chombo ilikuwa na nguvu ndogo. Kwa sekunde moja ilituma namba moja na ushee. Hesabu wewe mwenyewe: picha moja ilihitaji saa 8 hivi. Namba moja, nukta moja, saa 8 nzima!

Huku Dunia, katika maabara ya JPL, mji wa Pasadena huko California, wahandisi walikuwa wakingoja. Kompyuta ndiyo iliyopangiwa kazi ya kugeuza namba hizo kuwa picha, lakini kompyuta za siku zile zilikwenda taratibu. Na wahandisi walikuwa na wasiwasi: je, ule utepe umehifadhi picha sawasawa, au umeharibika njiani? Hawakutaka kungoja.

Mmoja wao aliitwa Richard Grumm. Alikwenda duka la vifaa vya sanaa kutafuta chaki za kijivu, zilizofifia hadi zilizokolea. Hakuzipata. Akarudi na chaki za rangi, zile laini wanazotumia wachoraji. Wenzake walikuwa wamechapa namba kwenye kanda nyembamba za karatasi. Wakazipanga kanda hizo ubaoni, moja kando ya nyingine, wakazibana kwa pini za stepla.

“Mjomba, kanda za namba zinawezaje kuwa picha?”

Mmewahi kumtazama bibi akishona mkeka? Ukili mmoja ukiushika peke yake, unaona vipande vya rangi tu, huku cheusi, huku chekundu. Huelewi kitu. Lakini bibi akishona ukili wa pili kando yake, na wa tatu, na wa kumi, pambo linajitokeza. Zile kanda za karatasi zilikuwa kili za mkeka wa Mirihi.

Wakaanza kupaka. Namba za kundi hili, kahawia. Za kundi lile, nyekundu. Za kundi jingine, manjano. Namba moja, nukta moja. Kidogo kidogo, ukingo wa sayari ukatokea, na nje yake giza la anga. Utepe ulikuwa mzima! Picha ile ya chaki ikatiwa fremu, ikakabidhiwa kwa mkurugenzi wa maabara, William Pickering.

“Lakini mjomba, kama kamera haikutuma rangi, basi rangi zile ni uongo?”

Ah, mpwa wangu, hili ndilo swali la mtu mwenye akili! Sikiliza. Umbo lilikuwa la kweli, maana kila namba ilitoka Mirihi. Rangi ilichaguliwa na mtu, ili macho yatofautishe mahali penye mwanga na mahali penye giza. Kuchagua rangi si kudanganya, mradi useme umechagua vipi.

Hata leo kazi ni ile ile. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, hupokea hasa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Wataalamu hupokea namba zake, kisha huzipa rangi kwa utaratibu: mawimbi marefu hupewa wekundu, mafupi hupewa ubuluu. Mwanasayansi na msanii hukaa meza moja. Mmoja hulinda ukweli wa namba, mwingine hulisaidia jicho kuuona.

Na picha zilizomo kwenye simu ya mama? Nazo ni nukta na namba, ila ni mamilioni, na simu huzipanga kufumba na kufumbua.

Sasa, wapwa zangu, mimi nimesema, kazi ni yenu. Chukueni daftari la hesabu lenye viboksi. Mmoja achore samaki au ua kwa siri, akipe kila kiboksi namba, kisha amsomee mwenzake namba za safu moja baada ya nyingine. Mwenzake apake rangi anazozipenda: namba moja, nukta moja. Halafu linganisheni kazi zenu. Na mtu akiwaambia kwamba anayependa hesabu hawezi kupenda kuchora, mwambieni kwamba picha ya kwanza iliyotumwa na Mariner 4 ilipakwa chaki na wahandisi.