Joto Kabla ya Dawa: Maradhi ya Nyoka Wafugwao

Nyoka akipatwa na kichomi hakohoi. Hana kiwambo cha kutenga kifua na tumbo kama walicho nacho mamalia, na pafu lake ni mfuko mrefu mwembamba uliolala sambamba na uti wa mgongo. Ute ukijikusanya humo, hana nguvu ya kuusukuma nje. Kwa hiyo mlinzi wa kizimba huona dalili za kwanza wakati ugonjwa umekwisha kukomaa: mapovu puani, kinywa kilicho wazi, kichwa kilichoinuliwa juu ili njia ya hewa ipate kufunguka. Ukimya huo ndio uliowafanya watu wengi wadhani kwamba nyoka haugui, bali hufa ghafula tu.

Huenda msomaji akajiuliza ni nani mwenye haja ya kumtibu nyoka. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa, hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Dawa ya kuwaokoa haiwezi kutengenezwa bila sumu yenyewe, nayo hukamuliwa kutoka kwa nyoka walio hai. Ndiyo kazi ya Taasisi ya Butantan, iliyoanzishwa São Paulo, Brazili, mwaka 1901. Na ndivyo nyoka wa Bio-Ken huko Watamu, Kenya, wanavyokamuliwa, katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe. Kifutu au koboko akifa kizimbani, hana budi kukamatwa mwingine porini, na kila ukamataji una hatari yake.

Kundi la pili la wafugaji liko Ulaya na Marekani, ambako watu hufuga nyoka nyumbani kwa kujifurahisha. Ampendwaye sana ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye akitishwa hujiviringa kama mpira. Maelfu kwa maelfu wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Nchini Tanzania na Kenya mtu haruhusiwi kumtoa chatu porini na kumfuga bila kibali, na maelezo haya hayamwaliki mwanafunzi yeyote kutia nyoka ndani ya debe. Manufaa yake darasani ni mengine: mwili wa nyoka mgonjwa huonyesha wazi kanuni moja ya fiziolojia ambayo katika mwili wa binadamu imefichika.

Vitabu husema kwamba nyoka ana damu baridi. Usemi huo hupotosha, kwani chatu aliyeota jua hadi mwili ukafika nyuzi 32 za sentigredi hana damu baridi hata kidogo. Iliyo kweli ni kwamba hatengenezi joto la kumtosha mwilini, bali hulitafuta nje, akienda juani na kurudi kivulini. Usagaji wa chakula, upigaji wa moyo, na hata mapambano ya chembechembe nyeupe za damu dhidi ya bakteria, vyote hufuata joto hilo. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1975 na Matthew Kluger na wenzake lilithibitisha jambo hili kwa mijusi wa jangwani waitwao iguana. Waliambukizwa bakteria aitwaye Aeromonas, kisha wakagawanywa katika vyumba vya joto mbalimbali, kuanzia nyuzi 34 hadi 42. Kadiri joto lilivyozidi ndivyo mijusi wengi zaidi walivyosalimika. Wale wa nyuzi 34 walikufa karibu wote. Mjusi huyo huyo, akiachiwa kuchagua, huenda mwenyewe mahali penye joto zaidi anapougua. Yaani homa yake huipata kwa kutambaa.

Sasa mtu na atazame kizimba cha kawaida: sanduku la kioo lenye joto moja kila pembe, na pengine joto hilo ni la chini. Nyoka aliyemo amenyang'anywa homa yake. Ndiyo maana waganga wa mifugo wenye ujuzi huuliza habari za kipimajoto kabla hawajauliza habari za mgonjwa. Kwa chatu mdogo aliyetajwa, upande mmoja wa kizimba hutakiwa uwe na nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, ili achague mwenyewe.

Kanuni hiyo hutawala hata matumizi ya dawa. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walichapisha habari za dawa iitwayo seftazidimu. Binadamu huhitaji kudungwa dawa hiyo kila baada ya saa 8. Nyoka aliyewekwa kwenye nyuzi 30 hutoshelezwa na sindano moja kila baada ya saa 72, kwani figo zake huitoa polepole mno. Mtu akimpimia nyoka dawa kwa ratiba ya binadamu atamlimbikizia mwilini kiasi kisichohitajika, na kwa dawa zenye madhara kwa figo, kama jentamisini, atamwua. Kwa desturi sindano hudungwa katika nusu ya mbele ya mwili, kwa kuwa sehemu ya damu itokayo nyuma hupitia figo kabla ya kufika moyoni.

Kuoza kwa kinywa ni ugonjwa wa pili ujulikanao sana. Huanza kwa jeraha dogo la ufizi, mara nyingi kwa sababu nyoka amejigonga kiooni akitafuta njia ya kutoka. Baadaye hutokea vitone vya damu, kisha usaha wa rangi ya manjano. Usaha wa nyoka si majimaji. Ni mgumu mithili ya jibini, maana chembechembe zake nyeupe za damu hazina vimeng'enya vya kuuyeyusha. Jipu lake basi halitumbuliwi likatiririka, bali hupasuliwa na kukombwa. Kinywa husafishwa kwa aidini iliyozimuliwa vizuri, na ugonjwa ukiachwa huingia hadi kwenye mfupa wa taya.

Nyoka mwenye afya hujivua gamba zima kwa mara moja, kuanzia midomoni hadi ncha ya mkia, pamoja na kioo chembamba kinachofunika kila jicho, kwa kuwa hana kope. Hewa ikiwa kavu gamba hutoka vipande vipande. Kipande kilichobaki mkiani hukaza kama pete na kuzuia damu. Tiba yake ni nyepesi: nyoka huwekwa ndani ya mfuko wa kitambaa uliolowanishwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha hupanguswa taratibu. Kioo cha jicho kisivutwe kwa koleo kwa hali yoyote. Wapo wafugaji walioharibu jicho zima kwa kukosa subira ya kungoja gamba lijalo.

Utitiri wa nyoka huonekana kama vidoa vyeusi, vidogo kuliko kichwa cha pini, hasa pembezoni mwa macho na chini ya kidevu. Nyoka aliyeshambuliwa hujilaza ndani ya bakuli la maji kwa muda mrefu. Wadudu hawa hunyonya damu, na tangu mwaka 1948 imejulikana kwamba huweza kueneza Aeromonas, bakteria yule yule wa jaribio la mijusi. Kwa kuwa hutaga mayai nje ya mwili wa nyoka, kumtibu nyoka peke yake ni kazi bure: matandiko yachomwe moto, kizimba kioshwe kwa maji ya moto, na kazi hiyo irudiwe kwa wiki kadhaa. Dawa ya ivamektini hutumiwa na waganga kwa nyoka, lakini ni sumu kali kwa kobe.

Kuhusu chakula, yatosha kusema kwamba panya aliyemezwa na nyoka aliyepoa huoza tumboni na kutapikwa, na kwamba panya aliye hai huweza kumng'ata nyoka vibaya.

Yapo hata hivyo maradhi ambayo joto haliyawezi. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Marekani waliona chatu wakishindwa kujigeuza, wakiinua vichwa na kukodolea macho juu kama wanaohesabu nyota, kisha wakafa. Kisababishi hakikujulikana hadi mwaka 2012, vilipogunduliwa virusi vya jamii ya arena. Ugonjwa huo hauna tiba. Mwaka 2014 viligunduliwa virusi vingine, vya jamii ya nido, katika mapafu ya chatu wale wadogo. Kumbe baadhi ya vichomi vilivyokuwa vikidungwa dawa za bakteria havikuwa vya bakteria kabisa. Kinga iliyopo ni kumtenga kila nyoka mgeni katika chumba chake kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, kwa koleo na bakuli zake mwenyewe, na kumhudumia mwisho baada ya wengine wote. Mhudumu naye aoshe mikono kwa sabuni, kwani hata nyoka mzima kabisa huweza kubeba salmonela matumboni.