Betri ya Gari Linalongoja Msimu

Katika vyama vingi vya msingi gari la chama hufanya kazi usiku na mchana kwa miezi michache, kisha hulala. Pamba ikishapelekwa kwenye kiwanda cha kuchambua, lori huegeshwa kando ya ghala, ufunguo hutundikwa ofisini kwa Katibu, na halikumbukwi tena mpaka zinapokaribia siku za ununuzi mwezi Mei. Ndipo dereva anapogeuza ufunguo na kusikia mlio mmoja mkavu, au asisikie kitu. Wanachama wamekwishaleta mazao, mzani umekwishafungwa, na gari haliwaki. Vijana huitwa kusukuma; ikishindikana, Bodi huidhinisha kwa haraka ununuzi wa betri mpya, kwa bei ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuilinganisha na nyingine.

Matumizi hayo huingizwa vitabuni kama uchakavu wa kawaida. Kuyaita hivyo ni kujidanganya. Betri nzuri iliyotunzwa aghalabu hudumu miaka 3 au zaidi. Inayobadilishwa kila mwaka haikuchakaa kwa safari; imeuawa na kukaa bure, na fedha iliyoinunua ni ya wanachama.

Ndani ya betri mna vibao vya risasi vilivyozama katika tindikali. Betri inapotoa umeme, tindikali huungana na vibao na kufanya utando wa salfeti juu yake. Ikichajiwa mapema, utando huo huyeyuka na kurudi katika tindikali. Ikiachwa bila chaji kwa wiki nyingi, utando hugeuka chembe ngumu zisizokubali kuyeyuka tena. Betri ya namna hiyo hutoka kwa fundi asubuhi ikiwa na volti za kuridhisha, na jioni haiwezi kuzungusha stata. Wengi humlaumu fundi.

Yafaa kuuliza umeme huo huenda wapi ilhali gari limezimwa. Sehemu yake hupotea ndani ya betri yenyewe, kidogo kidogo kila siku, na joto huharakisha upotevu huo. Ndiyo maana gari lililoegeshwa juani hupoteza zaidi ya lililo kivulini. Sehemu kubwa zaidi katika magari ya siku hizi huliwa na vifaa visivyolala: saa, king'ora cha wezi, kumbukumbu ya redio, na kile kifaa cha kufuatilia gari ambacho huwekwa hasa katika magari yaliyonunuliwa kwa mkopo. Vyote pamoja vikila ampea 0.05 tu, kwa saa 24 vimekula saa-ampea 1.2, na kwa siku 30 saa-ampea 36. Betri ya saa-ampea 70 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu kabla ya mwezi wa pili kuanza, na hakuna mtu aliyeligusa gari.

Baadhi ya makatibu huagiza gari liwashwe dakika 5 kila Jumamosi, wakiamini kuwa wanalitunza. Nia ni njema, lakini matokeo ni haba. Injini ikinguruma polepole, alteneta hurudisha umeme kidogo, nao muda haupo wa kufidia ulioliwa na vifaa wiki nzima. Tena injini haipati joto la kutosha, na unyevu hubaki ndani ya oili. Kama gari litawashwa, basi liendeshwe barabarani nusu saa au zaidi, angalau kila wiki mbili. Chama kisichotaka kuunguza mafuta kwa safari isiyo na kazi kifungue waya wa betri.

Waya unaofunguliwa kwanza ni wa hasi, na ndio unaofungwa mwisho. Sababu yake ni hii: spana inayofungua chanya ikigusa bodi ya gari wakati hasi bado imefungwa, hutoa cheche kali, na gesi inayotoka kwenye betri hulipuka. Kwa sababu iyo hiyo sigara na kibatari vikae mbali. Pale penye kifaa cha kufuatilia gari, mkopeshaji aarifiwe kabla waya haujafunguliwa, maana kifaa kikinyamaza yeye hudhani gari limeibwa.

Kufungua waya hakuondoi haja ya kuchaji, kwa kuwa upotevu wa ndani unaendelea. Betri ipimwe kwa mita kila mwezi baada ya kupumzika saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 ni robo tatu hivi, nayo ichajiwe; 12.0 imekaribia kwisha. Chaji ya polepole ndiyo salama: ampea 7 kwa betri ya saa-ampea 70. Ofisi yenye umeme wa jua inaweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, mradi kuna kidhibiti cha chaji. Betri yenye vizibo iongezwe maji safi ya betri pale tu yanapopungua, kamwe si ya kisima wala tindikali. Unga mweupe kwenye vichwa uoshwe kwa maji yenye magadi kidogo bila kuingia ndani, kisha vipakwe grisi. Ile hofu ya kuweka betri juu ya sakafu ya saruji ilikuwa na maana zamani, maganda yalipokuwa ya mbao au mpira. Ya plastiki hayadhuriki.

Kuna desturi moja inayofichwa. Betri ya lori huchomolewa kuwasha taa au redio ya ofisi, au nyumbani kwa mtu. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na kumalizwa mara kwa mara huiharibu upesi. Kwa malori ya volti 24 madhara ni zaidi. Humo mna betri mbili zilizofuatana, na anayeunganisha redio ya volti 12 kwenye moja huifanya hiyo ipungue huku mwenzake akizidishiwa chaji. Zote mbili huharibika, na zinapobadilishwa hubadilishwa pamoja.

Basi Bodi imtaje kwa jina, katika muhtasari wa kikao cha kufunga msimu, mtu atakayeshika mita na spana. Vipimo vyake vya kila mwezi viandikwe katika daftari la gari, tarehe na volti, na Katibu atie sahihi. Wiki mbili kabla ya ununuzi kuanza waya urudishwe na gari lipelekwe safari fupi. Kama betri imeshindwa, muda wa kutafuta bei kwa wauzaji watatu bado upo.