Serandaiti: madini adimu ya manganizi kutoka visiwa vya Guinea

Serandaiti ni silikati ya manganizi na sodiamu ambayo wataalamu wengi wa miamba huiona makumbusho tu. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, kwenye kisiwa kidogo cha Rouma katika visiwa vya Los, karibu na Conakry nchini Guinea. Mfaransa Alfred Lacroix ndiye aliyeieleza kitaalamu mwaka 1931, akaipa jina la Sérand, mkusanyaji aliyesaidia kupatikana kwa sampuli. Kisiwa hichohicho kilikuwa kimekwisha kumpa Lacroix madini mengine mapya, viliomaiti, mwaka 1908.

Siri ya Rouma iko kwenye mwamba wake. Visiwa vya Los ni vya sayanaiti ya nefelini, mwamba uliotokana na magma yenye sodiamu nyingi na silika haba. Magma ya aina hiyo inapopoa, madini ya kawaida hutangulia kuganda, na elementi ambazo hazikupata nafasi ndani yake hujilimbikiza katika kimiminika cha mwisho. Kwingineko manganizi hutawanyika kidogo kidogo, ikijipenyeza mahali pa chuma. Hapa hubaki ya kutosha kuunda madini yake yenyewe.

Fomula ya serandaiti ni NaMn₂Si₃O₈(OH). Hata hivyo, fomula pekee haitoshi kuipangia ukoo. Silikati hugawanywa kwa jinsi atomu za silikoni, kila moja ikizungukwa na oksijeni nne, zinavyoungana. Katika spesataini, ganeti ya rangi ya chungwa inayofahamika kutoka Loliondo nchini Tanzania, vikundi hivyo havigusani kabisa, ingawa nayo ni silikati ya manganizi. Katika serandaiti vimeshikana kuwa minyororo mirefu, na mpangilio hujirudia kila baada ya vikundi vitatu. Rodonaiti, jiwe la waridi ambalo ni rahisi kulichanganya na serandaiti, nayo ina minyororo, lakini yake hujirudia baada ya vikundi vitano, tena haina sodiamu wala hidrojeni. Rangi, basi, ni ushahidi dhaifu sana wa undugu.

Ndugu halisi wa serandaiti ni pektolaiti, ambayo muundo wake ni uleule ila nafasi za manganizi zimeshikwa na kalsiamu. Aina moja ya pektolaiti, ya buluu, huuzwa kama kito kutoka Jamhuri ya Dominika kwa jina la Larimar. Kwa kuwa elementi hizo mbili zina chaji sawa, hubadilishana nafasi kwa urahisi, na sampuli nyingi huwa na zote mbili. Katikati yupo ndugu wa tatu, skizolaiti, aliyegunduliwa Ilímaussaq, Greenland. Ndani yake kalsiamu na manganizi hazikuchanganyika ovyo, bali kila moja ina nafasi yake. Utaratibu huo ndio unaomstahilisha jina lake mwenyewe. Katika ukoo huu wote hidrojeni imebanwa kati ya oksijeni mbili zilizokaribiana mno, na kifungo chake ni miongoni mwa vifungo imara vya hidrojeni vinavyojulikana katika madini.

Minyororo hiyo huonekana hata kwa macho, kwa namna yake. Fuwele, ambazo ni za mfumo wa trikliniki, hurefuka kuufuata mnyororo, na jiwe likigongwa hupasuka safi katika pande mbili na kuacha vijiti vyenye ncha kali. Ugumu wake ni 5 hadi 5.5 katika kipimo cha Mohs, na uzito wake ni takriban gramu 3.3 hadi 3.4 kwa kila sentimita ya ujazo. Mng'ao ni wa kioo, wenye dalili ya lulu pale ulipopasukia. Rangi ni ya waridi inayoelekea chungwa, kazi ya manganizi, na uso wa fuwele ukiathiriwa na hewa na maji huweza kufunikwa na oksidi nyeusi za manganizi hiyohiyo.

Fuwele nzuri kuliko zote zimetoka Mont Saint-Hilaire, Quebec, nchini Kanada, zikiwa pamoja na analsaimu nyeupe na ejirini nyeusi. Madini haya yanajulikana pia katika rasi ya Kola nchini Urusi. Ni mara chache hukatwa kuwa vito, kwa sababu ya kupasuka kwake. Kuitofautisha serandaiti na skizolaiti kwa kutazama haiwezekani: lazima kwanza uwiano wa kalsiamu na manganizi upimwe maabara, kisha mionzi ya eksirei ioneshe kila elementi imekaa nafasi gani.